Diski Niliyoifuata Chwaka

Kwako Nasra, binti wa pekee wa fundi Dulla wa Kiponda,

Salamu nimezifupisha makusudi, maana asubuhi nilikusalimia kwa urefu wote nikaitikiwa kwa mdomo uliovimba kama andazi. Natumai hujambo hivyo hivyo na kununa kwako. Mie mzima, isipokuwa nnaandika kwa mkono, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipoiacha skuli, au skuli iliponiacha mimi, mpaka leo hatujakubaliana nani alianza. Ukikuta herufi zimelala, zisamehe. Vidole hivi vimezoea kubofya.

Sasa hivi alasiri imeshasaliwa. Wewe uko mitaani unaaga na kuomba radhi kwa wazee, na nnajua ukifika kwa Bi Asha hutoki mpaka ushibishwe kwa nguvu. Kesho asubuhi utapanda boti, halafu basi, mpaka Mbeya, ukasomee kuchora majumba. Basi nnayo nafasi mpaka urudi. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya sweta. Ukiiona mapema ukaisoma kabla hujavuka bahari, wewe ni mbea, na umbea umeurithi kwa shangazi yako, si kwangu.

Sikuandikii mambo ya kula, kuvaa, kusali na kufunga mlango. Hayo shangazi yako Mwanajuma keshakuimbia kwenye simu kila siku, na mama yako huko Mkokotoni kakumalizia. Mimi nnataka tuzungumze juu ya ile diski. Tumegombana kwa ajili yake, na sipendi uende tukiwa hivi.

Nnakukumbusha ilivyokuwa, kwa sababu nnakujua, ukiihadithia wewe utajipa ushindi. Tulikuwa tunakunywa chai na mkate wa ufuta. Nilizitandaza zile diski mbili za kubebeka juu ya mkeka, na nyaya zake, nikakohoa kama sheha anayefungua mkutano.

"Nasra."

"Naam, baba."

"Hizi ndizo kazi zangu zote. Kila harusi niliyoipiga, kila maulidi, kila picha. Kilichomo humu kimo na humu. Moja nnabaki nayo, moja unakwenda nayo. Ukija likizo unaniletea yako, nnaitia mapya, unaondoka na nyengine. Kila likizo hivyo hivyo. Ndivyo wanavyofanya wenye akili zao."

"Likizo ya mwanzo nshakwambia, baba. Kuna mafunzo ya kazini kule kule. Huenda nisije."

"Na diski?"

"Baba, mimi nnakwenda kusoma. Mzigo wangu haujatosha mpaka nibebe na harusi za watu?"

"Ndani yake umo na wewe."

"Mimi nimo humu," ukajipiga kifuani. "Tena siku hizi watu wanaweka mafaili yao mtandaoni. Huhitaji mtu wa kukubebea."

"Mtandao wa nani? Huu wetu, ambao ikinyesha mvua na wenyewe unajifunika shuka?"

Ulicheka. Nilikuona, usikatae. Kisha ukakumbuka kwamba umenuna, ukaisukuma diski kwa kidole, taratibu, mpaka ikagota kwenye birika la chai. Ukachukua buibui lako ukatoka. Mimi nikabaki na birika.

Nnajua unaniona mtu wa kizamani. Sikulaumu, unanijua nimeshakuwa baba. Hukunijua nilipokuwa Dulla mwenyewe, kijana wa kidato cha pili kisichokwisha, kofia upande, najua kila kitu. Kompyuta yangu ya mwanzo nilijifundisha kwa kuivunja. Niliifungua, nikaifunga, zikabaki skurubu nikazitia mfukoni, na ikawaka! Tangu siku hiyo hakuna aliyeniweza. Harusi za mji mzima zilikuwa zangu, upande wa wanaume. Nikaha msikitini, maandamano ya bwana harusi, wazee wanaokula biriani kwa haya wakiona kamera. Watu walikuwa wanaahirisha harusi kama Dulla ana kazi nyengine. Sawa, alikuwa mmoja, na aliahirisha kwa sababu ya msiba, lakini na mimi siku ile nilikuwa na kazi nyengine.

Ndipo nikaandika kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya meza yangu: KWA DULLA HAKIPOTEI KITU.

Na sikuwa nnasema tu. Watu wengine wa kazi hii walikuwa wakishampa mtu harusi yake wanafuta, basi. Mimi nilinunua diski ya nje, wakati ambao mji huu ukisema diski ya nje mtu anatoka uani kuitafuta. Kila harusi ilikaa ndani ya kompyuta, na nakala yake ndani ya diski. Na ile diski nikaitafutia mahali pa heshima. Unakijua kile kidaka cha chumba cha mbele, kile kishimo cha ukutani chenye nakshi, ambacho bibi yangu alikuwa anaweka msahafu na vikombe vyake vya kichina. Niliona kama kimefaa msahafu, diski ya Dulla ni nani ikatae? Nikaiweka mle, nikaifunika kwa kitambaa. Kila mgeni akiingia namuonyesha kama mtu anayeonyesha kaburi la shekhe.

Wewe sasa ukisikia hivi unacheka, maana umeshasoma mambo ya kuta. Siku moja ulinieleza, umekaa kwenye ngazi na kitabu chako: "Nyumba zetu hizi za mawe na chokaa zinahema, baba. Ukuta unakunywa maji ya chini, ukifika masika unayatoa pamoja na chumvi." Nikakujibu najua. Nilikuwa najua kweli, ila elimu hiyo ilinifikia kwa njia yangu.

Ilikuwa masika ya ile mvua kubwa, wewe uko darasa la tatu. Kabla ya hapo Bi Asha alikuwa amekuja. Mumewe, Mzee Suleiman, alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyeipiga nikaha ya binti yao. Santuri aliyopewa wajukuu wameifanya gurudumu la gari. Akataka nimtolee nyengine, amuone mzee.

"Shikamoo, Bi Asha. Hilo tu? Kwa Dulla hakipotei kitu. Hebu soma mwenyewe ukutani."

"Marahaba. Sioni mbali mwanangu, lakini nakuamini."

Siku chache baadaye dari likavuja alfajiri. Maji yalishuka moja kwa moja juu ya kompyuta, kama yameelekezwa. Ilitoa moshi, ikazima. Unajua mimi nilifanya nini? Nilicheka. Watu wa nyumba ya chini walinisikia. Nikasema, maji ya kijinga haya, hayajui yamekutana na nani. Nikaenda kidakani nikaingiza mkono kwa madaha.

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Nyuma yake ukuta ulikuwa umechanua chumvi, nyeupe, laini, ukiigusa inaanguka kama unga. Diski ilikuwa imekaa humo msimu mzima ikinyonya. Niliifuta, nikaiazimia kompyuta ya jirani, nikaichomeka waya. Ikaanza kugonga ndani kwa ndani. Ko, ko, ko. Inanyamaza, inaanza tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nilimpelekea fundi mmoja pale Darajani, anayejua kuliko mimi, ingawa simwambii. Akaifungua, akanionyesha kwa bisibisi kutu ilivyoila ndani.

Sasa fikiria, Nasra. Nakala mbili, na zote zimekufa kwa maji ya mvua ile ile, chumba kimoja, hatua chache baina ya moja na nyengine. Nilikuwa nimejiona nina mbili. Nilikuwa na moja iliyowekwa mahali pawili pa chumba kile kile.

Bi Asha akawa anakuja. Mimi nikawa nnajificha nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku. Akinikamata:

"Dulla, imeshapatikana?"

"Bado kidogo, Bi Asha. Mashine inaitafuta."

"Inaitafuta wapi, na wewe ndiye uliyeiweka?"

Mwisho nikashindwa. Nikamkalisha kwenye kile kiti kizuri, nikamwambia hakuna kitu. Si yake tu, vyote. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane, ningejibu, mimi kwa maneno nnajua kujitetea. Hakutukana. Alikaa akaangalia ule mstari wangu mwekundu ambao alisema hauoni, kisha akanambia:

"Basi nihadithie wewe. Si ulikuwepo?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwepo. Nilisimama mbele ya Mzee Suleiman tokea anaingia msikitini mpaka anatoka. Lakini nilikuwa ndani ya kile kioo kidogo. Nilikumbuka kwamba taa za msikiti zilikuwa zinaniharibia rangi. Nilikumbuka betri inaonyesha inakwisha, na kijana mmoja kichwa chake kikubwa kimenizibia. Mzee mwenyewe sikuwa naye hata chembe. Uso wake ulikuwaje alipompa bwana harusi mkono? Sijui. Nilikuwa nimeiachia kamera ikumbuke, mimi nikashughulika na kamera.

Nikatafuta, nikatafuta, Bi Asha ananitazama. Kikanijia kimoja. Betri ilipokwisha nilikwenda mlangoni kubadilisha, na nilipoinua kichwa nikamuona Mzee Suleiman ametoka peke yake, ameinama na kanzu yake kaishika kwa mkono mmoja, anavigeuza viatu vya wageni. Kimoja kimoja, vyote vinatazama nje, mtu akitoka avae tu aende zake. Hakuna aliyemuona ila mimi, na kamera yangu ilikuwa imezima.

Bi Asha alipiga makofi. "Ndiye! Ndiye huyo huyo! Nyumbani kwangu viatu vilikuwa vinatazama mlangoni kila siku, kama vinataka kunikimbia." Akacheka mpaka akalia, akajifuta kwa ushungi. Akaondoka. Hajanidai tena, na mpaka leo akinikuta ananambia, "Hebu nihadithie vile viatu."

Na wewe siku ile ulirudi skuli, ukaniuliza kama ile picha yako ya Sikukuu, ulipokuwa unapanda pembea Mnazi Mmoja, na yenyewe imekufa. Nikakwambia ndiyo. Ukafikiri, ukasema, "Sasa baba, itabidi niwe mdogo tena ili unipige upya?" Kisha ukachukua penseli, ukapanda kiti, na chini ya maandishi yangu mekundu ukaandika: VINAPOTEA VYOTE. Mwandiko mbaya, lakini hukukosea.

Sikukuu iliyofuata nilikupeleka bila ya kamera. Ulinuna vile vile, ukasema, "Sasa nani atajua kama tulikuja?" Ulinunua miwani ya plastiki ya rangi ya waridi, ukalala nayo. Unaona? Hiyo nnayo, na haijapigwa popote.

Nnataka nikwambie na jengine ambalo sijapata kukwambia sawasawa. Mama yako hakuondoka kwa sababu ya mtu wala kitu. Alinambia siku moja tunakula: "Dulla, wewe unazijua harusi za watu wote isipokuwa yako." Nilimcheka. Nilikuwa kila mwisho wa wiki niko kwenye furaha ya mtu mwengine, na siku nnazokuwepo nyumbani uso umo ndani ya kompyuta nnakata na kuunganisha. Alipotoka kwenda kwao Mkokotoni nilidhani kanuna. Alikuwa keshamaliza kununa zamani, mimi sikuona. Sasa ana mume mwema na watoto wake, tunasalimiana vizuri, alhamdulillahi, na wewe aliniachia mimi kwa sababu skuli iko hapa na kwa sababu uliung'ang'ania mguu wangu. Kila mtu alisema Dulla hawezi kulea. Nimeweza! Andika hilo hapo chuoni kwenu. Nilijifundisha kusuka nywele zako kwa kuziharibu, kama kompyuta.

Basi, baada ya mvua ile nikapata akili. Nakala ya pili ikae nyumba nyengine, tena mbali. Nikainunua diski nyengine, nikaipeleka Chwaka kwa shangazi yako Mwanajuma. Yeye na kilimo chake cha mwani, hajui diski ni kitu gani, alinambia, "Niilishe nini?" Nikamwambia isipate unyevu tu, isianguke. Akaitia ndani ya kopo la biskuti, akaizungushia mchele, akaliweka kopo juu ya kabati na kulifunika kitambaa cha kudarizi. Kila nikenda naikuta imekaa mle kama bibi harusi. Nilikuwa nampelekea mpya nnachukua ya zamani, nnakula pweza wake, nnarudi mjini. Miaka yote hii, Nasra. Haijagonga hata mara moja.

Sasa tafakari. Kama diski ilikuwa salama Chwaka, kwa nini asubuhi ya leo ilikuwa juu ya mkeka wetu?

Niliifuata mwenyewe, mara tu ulipopata barua ya chuo. Nikalitoa kopo juu ya kabati, nikaanza kupukuta mchele. Shangazi yako alikuwa mlangoni, mikono imejaa chumvi.

"Wapi hiyo?"

"Nnampa Nasra akae nayo Mbeya."

"Mbeya ina mchele mzuri zaidi?"

"Mbali zaidi. Nakala ikikaa mbali ndio salama. Wewe hujui mambo haya, dada."

"Dulla."

"Naam."

"Diski yangu imekosa nini? Imekuvunjia adabu?"

"Haijakosa kitu."

"Basi iweke pale pale. Usinifanye mjinga kwa kuwa nnapanda mwani. Wewe hutafuti pa kuiweka. Unatafuta kamba ya kumfungia mtoto, na kwa kuwa wewe fundi, umeona uifanye kamba ya umeme."

Nilikasirika, nikaondoka na pweza sijamaliza. Unajua mimi na pweza. Njia nzima nilikuwa nnamjibu kichwani, na kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu lilikuwa la uwongo.

Kwa sababu nilikuwa nshapiga hesabu zangu zote. Kila likizo diski lazima irudi kutiwa mapya. Ikirudi diski, anarudi mwenye kuibeba. Hutaweza kusema una mafunzo, hutaweza kusema umechoka na safari, kwa sababu kazi za baba yako zote ziko mkononi mwako na zinachelewa. Nisingekwambia njoo. Ningekwambia tu, "Diski imeshakuwa ya zamani." Mjanja mimi.

Wiki ile uliyokwenda Mkokotoni kumuaga mama yako nilijifanyia mtihani wa kukaa peke yangu. Sitaki kujisifu, nilianguka vibaya. Nilimimina chai vikombe viwili. Cha pili nikakitazama, nikasema nitakinywa mwenyewe, nikakinywa, na ilikuwa chai mbaya. Niliwasha televisheni ya habari za nchi ambazo sizijui ili chumbani mle mtu azungumze. Nikaanza kukopi mafaili ambayo nilishayakopi, nikae nitazame ule mstari unavyojaa taratibu, maana angalau kitu kilikuwa kinasogea ndani ya nyumba. Ulipofika mwisho ikaandika imekamilika. Nikaanza tena. Jirani alipita dirishani akauliza, "Dulla, unazungumza na nani?" Nikamwambia mteja.

Kwa hiyo asubuhi uliposukuma diski, hukuisukuma diski. Uliisukuma kamba yangu.

Ulipotoka nikaichomeka ile ile uliyoikataa, kwa hasira, nikitaka nijionyeshe mwenyewe vitu vyote ambavyo wewe huvithamini. Nikafungua sanduku la mafaili lenye jina lako. Kila nilichokupiga tangu ile mvua. Nikaanza mwanzo.

Za mwanzo unaitazama kamera. Umeing'ang'ania, huniachii nipige kitu chengine, unatoa ulimi, unanionyesha jino. Baadaye unatazama pembeni, kuna rafiki anakuita. Kisha hizi za karibuni. Uko kwenye ngazi na mkoba, unashuka. Uko mlangoni, umegeuka kidogo, unasema, "Baba, nnachelewa." Uko mwisho wa kichochoro, mgongo tu na buibui, na sauti yangu inasikika nyuma ya kamera: "Nasra! Geuka basi!" Katika nyengine umegeuka, katika nyengine hukusikia. Nikazipitisha moja baada ya moja, na kila moja unatoka. Miaka nnakupiga ukiondoka, na sikujua nnapiga nini. Niliambiwa hayo na Bi Asha siku nyingi, kwa maneno mengine, na bado nilikuwa ndani ya kioo.

Nilizima kompyuta, nikakaa. Muadhini akaadhini, nikenda msikitini, nikarudi. Halafu nikafanya nililofanya, na hili ndilo nnalotaka ulijue.

Diski yangu ya pili inarudi Chwaka. Nikikuaga bandarini kesho, nnakwenda moja kwa moja kuirudisha kwenye kopo lake, na shangazi yako atanisimanga mpaka magharibi, na nitakula pweza wangu kimya kimya. Kazi zangu ziko salama. Hakuna kilichochelewa, hakuna kinachokungoja. Likizo ya mwanzo ukipata mafunzo, baki ufanye mafunzo. Ya pili ukitaka kwenda kutazama majumba ya mji mwengine, nenda. Ukija nitafurahi mpaka nitukane watu, lakini uje kwa kuwa umetaka. Hakuna kitu chako kwangu cha kutiwa mapya.

Na kwenye begi lako, pamoja na barua hii, kuna diski nyengine. Mpya, nimeinunua leo Darajani, na nimembishia muuzaji mpaka akaniuliza kama nnataka na duka. Ukiifungua utaikuta tupu. Usidhani imeharibika. Nilitaka nikuwekee sanduku lako, zile picha zote, kidogo tu, zisingechukua nafasi. Nikaziweka. Kisha nikazitazama zilivyokaa mle mwanzo kabisa, kabla hujaweka hata mstari mmoja wa kwako, nikazifuta. Ziko huku. Ukizitaka sema. Ile ni ya majumba yako.

Sasa jambo moja nnakuomba, na hili silo masikhara. Majumba utakayoyachora yatie ndani ya kompyuta, kisha yatie ndani ya diski, halafu diski usikae nayo chumba kimoja na kompyuta. Usijidanganye kwamba kabati ni mbali na meza. Itoke nje ya nyumba yako. Mtafute mtu huko, mwenye mlango wake na paa lake, umpe akuwekee. Usiwe na haraka. Mchunguze. Muazime kitu kidogo uone kinarudi vipi. Msikilize anavyowataja watu ambao hawapo. Akikucheka ukikosea, mwangalie kama anakucheka au anacheka na wewe, mimi hiyo tofauti niliijua nimeshachelewa. Mwengine utamdhania, si yeye. Haidhuru, chukua diski yako utafute tena. Ukimpata ambaye unaweza kuiacha kwake ukalala, mpe, na yeye akikupa yake ipokee.

Siku hiyo niandikie. Sihitaji picha yake wala ukoo wake, shangazi yako ndiye atakayeuliza ukoo. Niambie jina lake tu, basi, na mimi ntalala.

Mtu huyo asiwe mimi, mwanangu. Mimi niko mbali.

Baba yako,
Dulla